Eliakunda, Mpare anayewapitisha wageni mlango wa nyuma wa jumba la tajiri

Jumamosi asubuhi, Saint Paul, jimboni Minnesota, imeamka chini ya theluji mpya. Eliakunda Mbwambo anaingia kwa mlango wa nyuma wa Jumba la Ashcombe, anakung'uta mabuti yake, na kabla hajavua koti anapiga magoti mbele ya jiko kubwa la chuma. Anapanga vijiti, anasokotea gazeti katikati, anawasha kiberiti. Kisha anatega sikio mpaka chuma kianze kulia kwa joto.

"Likilia hivi, limekubali," anasema akiinuka. "Likinuna, ujue wageni wa leo watanusa moshi badala ya historia."

Anazunguka vyumba vya chini akifungua mapazia. Mwanga unaingia sebuleni, unagonga taa ya vioo inayoning'inia darini, unashuka kwenye piano, viti vya mahameli na saa ndefu kuliko mtu. Tajiri wa mbao aliyelijenga jumba hili karne ya kumi na tisa alitaka kila aingiaye ashike kinywa. Hata leo, wengi hushika.

Eliakunda haanzi hapo. Wageni wake wote, wawe wanafunzi wa shule, wastaafu au watalii, anawapokea nyuma, kwenye mlango mwembamba waliokuwa wakipita wapishi, madobi na wasichana wa kazi.

"Mlango wa mbele unakuonyesha tajiri alivyotaka aonekane," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili. "Mlango wa nyuma unakuonyesha nyumba ilivyokuwa ikiishi."

Jumba hilo, lililo juu ya mwinuko unaotazama mto Mississippi, sasa ni makumbusho ya maisha ya Wamarekani wa zamani. Wanaofanya kazi humo ni wachache, na kwa miaka mingi hakuna Mwafrika aliyewahi kushika funguo zake. Eliakunda anazo zote, zimening'inia kiunoni kwa kamba ya ngozi.

Siku moja mgeni mmoja alimkuta jikoni akichochea moto, akamuuliza kama yeye ndiye mtumishi. Hakukasirika. Alizishika funguo akazitikisa.

"Leo mimi ndiye mwenye nyumba," alimjibu. "Karibu ndani."

Njia iliyomfikisha hapa ilianzia Usangi, katika milima ya Upare, alikokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Damas, alitangulia Minnesota kusoma, naye akamfuata. Damas leo ni fundi wa maabara hospitalini. Wakati ule alikuwa mwanafunzi tu, na makazi yao ya kwanza yalikuwa chumba cha chini ya ardhi huko Columbia Heights, walichogawana na wanafunzi wengine wawili kwa kutundika shuka katikati.

Cheti chake cha ualimu hakikumsaidia. Kama Waafrika Mashariki wengi wa hapa, aliingia kwenye kazi ya kutunza wazee katika makao yao. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza vitandani. Ameifanya kwa miaka kumi na miwili, na anasema hajutii hata siku moja.

"Watu huiita kazi ya kuosha wazee, kama vile ni aibu," anasema. "Mimi nilijifunza kusikiliza kule. Mzee akishajua kwamba husikilizi, ananyamaza, na akinyamaza umeshampoteza."

Mmoja wa wazee hao alikuwa Bi Verna Ostlund, mwenye umri wa miaka karibu tisini, mkali, mpenda kahawa. Miguu yake ilikuwa imekufa lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Yeye ndiye aliyeyageuza maisha ya Eliakunda, na hakufanya hivyo kwa upole.

Mama yake Bi Verna aliitwa Hulda. Alitoka Uswidi akiwa msichana wa miaka kumi na saba, akaajiriwa Jumba la Ashcombe kama mtumishi wa ndani, na akakaa humo mpaka alipoolewa na mfanyakazi wa reli. Verna alipokuwa mtoto, kila walipopita barabara ile mama yake alinyoosha kidole kwenye dirisha dogo la juu kabisa na kusema, "Pale ndipo nilipolala kama malkia." Aliwasimulia watoto wake juu ya zulia jekundu na kioo chenye fremu ya dhahabu.

Verna aliishi Saint Paul maisha yake yote bila kuingia katika jumba hilo. Kwanza lilikuwa la watu, na lilipofanywa makumbusho alisema atakwenda mwaka ujao. Miaka ikapita, mpaka akajikuta kwenye kiti cha magurudumu.

"Akaniambia, 'Ellie, nipeleke nikaone chumba cha mama kabla sijafa,'" anakumbuka Eliakunda. "Nikamwambia sawa, siku yangu ya mapumziko nitaazima gari la mume wangu."

Ilikuwa mwezi Machi na baridi ilikuwa bado haijaachia. Walipofika waliambiwa kwamba kiti cha magurudumu kinaweza kupita mlango mmoja tu, wa nyuma, kwa sababu ule wa mbele una ngazi za mawe. Bi Verna alipovuka kizingiti aligusa ukuta.

"Mama yangu alipita hapa," alisema. "Hawakumruhusu kupita kwingine."

Waliona jiko, wakaona sebule, wakaona meza ya chakula iliyotandikwa sahani za wageni ambao hawatafika. Kisha wakafika kwenye ngazi za watumishi. Zilikuwa nyembamba, zimesimama wima kama za kupandia dari la kuhifadhia mahindi. Jumba halikuwa na lifti.

Mwongoza wageni wa siku hiyo aliomba radhi. Bi Verna alikaa pale chini, mkono juu ya mbao ya kushikilia, akitazama juu kwenye giza. Eliakunda alidhani atalia.

"Hakulia. Alinigeukia akasema, 'Nenda wewe. Nenda uniletee hicho chumba.'"

Eliakunda alipanda. Huko juu alikuta kitanda cha chuma chembamba, beseni la kunawia, na ndoano moja ukutani ya kutundikia gauni moja. Dari lilikuwa limeinama hata asiweze kusimama wima karibu na kitanda. Misumari ya paa ilikuwa imetokeza kwa ndani, na kwenye ncha za misumari hiyo kulikuwa na barafu.

Aliposhuka, Bi Verna alikuwa amefumba macho. "Haya, sema."

Akaanza kusema. Lakini Bi Verna alimkatiza: zulia likoje?

"Sikuona zulia, Bi Verna."

"Na kioo?"

"Sikukiona."

"Basi umeingia chumba sicho. Rudi."

Alirudi juu. Alimwuliza mwongozaji kama kuna chumba kingine, cha mtumishi mkubwa pengine. Akaonyeshwa milango mitatu na vyumba vitatu, vyote vikifanana kama mayai ya kuku mmoja. Safari hii Eliakunda alilala chali juu ya mbao za sakafu, kando ya kitanda, ili aone alichokuwa akikiona msichana yule kila alfajiri. Aliona misumari na, kupitia dirisha, kipande cha mto.

Anasema ngazi za kushuka zilikuwa ndefu kuliko za kupanda.

"Nilikuwa najiuliza. Ningempa zulia, ingenigharimu nini? Ni bibi kizee, hatapanda kamwe kuhakikisha. Ningesema jekundu, tukaenda zetu tukanywa kahawa. Lakini yule mama alikuwa amenituma. Mtu akikutuma umletee kitu, humletei kingine."

Akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mikono.

"Bi Verna, hakuna zulia wala kioo. Ni chumba kidogo na kina baridi kali. Misumari ya paa imetokea ndani na ina barafu. Ukilala, unaiona juu ya uso wako. Lakini dirisha linaona mto."

Bi Verna aliichomoa mikono yake. Kisha akasema neno moja: "Twende."

Njia nzima hakufungua kinywa. Kesho yake hakumsalimu. Siku zilizofuata alikataa kulishwa naye, akaomba mhudumu mwingine. Eliakunda alikwenda nyumbani akamwambia Damas kwamba amemvunja mzee wa watu moyo, na huenda kazi ikamponyoka.

"Nilimwambia ukweli una wakati wake," anasema Damas, mtu wa maneno machache, aliyepita jumbani kumletea mkewe chupa ya chai. "Akaniambia, 'Na uongo nao?' Huyu ukishindana naye kwa maneno utalala njaa."

Asubuhi moja kengele ya chumba cha Bi Verna ililia, na aliyetakiwa alikuwa Ellie, si mwingine.

Alimkuta ameketi kitandani, kahawa yake imepoa. Bila salamu, Bi Verna alianza kusimulia. Alisema kwamba walipokuwa watoto, kila usiku wa baridi mama yao alipasha matofali kwenye jiko, akayafunga kwa vitambaa, akawawekea miguuni mmoja mmoja. Aliamka usiku kuyabadilisha yakipoa. Hakuna jirani aliyefanya hivyo. Watoto wa shule waliwacheka.

"Nilidhani ni desturi ya Uswidi," alisema. "Maisha yangu yote nilidhani ni desturi ya Uswidi."

Kisha akaomba asimuliwe chumba kile upya, tangu mwanzo, na barafu yake.

"Nilimsimulia," anasema Eliakunda. "Akawa anataka kila wiki. Mwisho nikajua kwamba yule mama alikuwa hajapewa mama yake mzima. Alipewa malkia. Sasa alimpata Hulda."

Jioni ya siku ile ya kengele alimpigia simu mama yake mzazi, aliyeko Usangi mpaka leo, akamsimulia habari ya Hulda na zulia lake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa utulivu:

"Na kile chumba chako cha kwanza huko, ulichosema kina zulia?"

Eliakunda alishikwa na kicheko. "Mama, kilikuwa chini ya ardhi. Tulilala wanne."

"Nilijua, mwanangu. Kila nilipokiuliza, ulikuwa unacheka kabla sijasema la kuchekesha."

Kuna mtu mwingine aliyekuwa amesikia maneno yaliyosemwa chini ya ngazi siku ile ya Machi. Joan Ruzicka, meneja wa makumbusho, alikuwa amesimama kwenye ujia na kikombe mkononi. Wiki kadhaa baadaye Bi Verna alimpigia simu, akamwambia kwa sauti ya amri ampe kazi yule mwanamke aliyekuja naye.

"Tulikuwa tumewaonyesha watu chumba kile kwa miaka mingi," anasema Joan. "Siku ile mimi mwenyewe nilihisi baridi yake, nami nilikuwa chini."

Eliakunda alianza kwa siku za Jumamosi tu. Malipo yalikuwa chini kuliko ya kutunza wazee, na ndugu wengine walimshangaa. Anapunguza kazi ya uhakika, walisema, akaonyeshe watu masufuria ya wazungu waliokufa. Binti yake, Tumsifu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwuliza kama atavalishwa nguo za mjakazi.

Lilikuwa swali la haki. Waongozaji wote wa jumba huvaa kizamani: gauni refu jeusi, aproni nyeupe, kofia ya kitambaa. Siku ya kwanza Eliakunda alipewa ya kwake, imepigwa pasi. Aliishika, akaipima kifuani, akairudisha kwenye kiango chake.

"Nilimwambia Joan, naomba nivae nguo zangu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, nikivaa hii, wageni watanitazama mimi. Nataka wakitazame chumba."

Joan aliomba muda wa kufikiri. Baadhi ya wafanyakazi walinung'unika kwamba sheria ni ya wote. Wiki ilipokwisha alirudi na jibu: vaa upendavyo. Leo Eliakunda amevaa sketi ya sufu, sweta la kijani na kitenge begani, na mabuti yake ya theluji yanaanikwa kando ya jiko.

Bi Verna alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Eliakunda alikuwa bado akienda kumwona jioni, bila malipo, na kahawa mkononi.

Moto umeshika vizuri sasa, na hodi inasikika. Leo ni zamu ya Kiswahili. Wazo hilo lilitoka kanisani, pale Irene, kiongozi wa kwaya, alipomwuliza kwa nini watoto wa shule za Minnesota wapate simulizi hizi na wao wasipate. Tangu hapo Jumamosi moja ya kila mwezi jumba zima linazungumza Kiswahili: cha Tanga, cha Kisii, cha Bukavu chenye Kifaransa ndani yake.

"Karibuni, karibuni, funga mlango baridi isije na yenyewe kutembelea," anawapokea.

Wameingia watu wapatao ishirini. Kabla ya kupiga hatua yoyote anawaambia kwamba ardhi hii ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili, kabla ya tajiri, kabla ya mji, na kwamba mbao zilizomtajirisha tajiri huyo zilikatwa katika misitu ambamo wenyewe waliondolewa. Anasema hivyo bila kupandisha sauti. Mtoto mmoja anauliza kwa Kiingereza walikwenda wapi. Anamjibu kwa Kiswahili: wengine walifukuzwa mbali, wengine wapo hapa hapa mjini, na mmoja wao alimfundisha hesabu dada yako Tumsifu shuleni.

Kerubo, nesi anayeishi Burnsville, ameshika kiuno mbele ya mashine ya kukamulia nguo.

"Mimi hu-drive hapa karibu kila siku nikienda kazi," anasema. "Nilidhani ni nyumba ya gavana. Kumbe ni nyumba ya kufua!"

Mumewe, Solomon, ambaye sasa ana kampuni yake ndogo ya usafi, anasaidia kuinua chuma cha pasi cha zamani. Anakirudisha haraka mezani.

"Hii kitu ni nzito, Mama. Walikuwa wanapiga nayo nguo siku nzima?"

"Siku nzima. Na jiko linawaka hivi hivi, mwezi Julai."

Anawapandisha ngazi nyembamba, watano watano. Chumbani mwa Hulda anawaomba wanyamaze kidogo, wasikie upepo kwenye paa. Anawasimulia msichana wa Uswidi, zulia jekundu na kioo cha dhahabu. Halafu anauliza:

"Nani kati yenu aliwaambia wa nyumbani kwamba hapa amefikia pazuri?"

Watu wanatazama sakafu. Kisha Solomon anakohoa.

"Mimi nilituma picha. Nimesimama kando ya gari ya bosi, mkono juu ya bonneti. Sikusema ni yangu. Lakini sikusema si yangu."

Kicheko kinapasuka. Kerubo amemgeukia mumewe, macho yamemtoka.

"Ile nyekundu? Ile picha mama yangu aliweka kwa ukuta? Solomon! Mimi niliolewa na hiyo gari!"

Wanacheka mpaka mmoja wao anagonga kichwa kwenye dari lililoinama, na wanacheka upya. Wakati wa kushuka mzee mmoja Mkongomani anabaki nyuma. Anapiga goti, anainamisha kichwa usawa wa kitanda, anatazama dirishani. Eliakunda anamsubiri mlangoni, wala hamharakishi.

"Kila kundi lina mmoja anayebaki," anasema baadaye. "Huwa siulizi aliona nini."

Kuanzia Septemba ataajiriwa kwa wiki nzima, na ataaga rasmi kazi ya kutunza wazee, ambayo bado anaifanya siku nyingine za wiki. Wakati huohuo ataanza masomo ya historia katika chuo cha hapa mjini. Damas ameshakubali kupika siku za darasa, ingawa Tumsifu ameomba hadharani kwamba chakula hicho kisiwe makande kila mara.

Lakini linalomnyima usingizi, kwa furaha, ni chumba cha dobi cha zamani kilicho nyuma ya jiko. Kilikuwa stoo. Baada ya mazungumzo marefu Joan na bodi yake wamempa, akifanye chumba cha maonyesho cha watu waliofika Minnesota miaka hii ya karibuni. Kitafunguliwa Oktoba. Yeye ndiye atakayeamua nini kiwekwe.

"Historia ya Marekani haikuisha na hawa wa zamani," anasema, akipitisha kiganja kwenye ukuta uliopakwa rangi jana tu. "Sisi nasi ni watu wa mwanzo wa jambo fulani. Wajukuu zetu watataka kujua tulivyoingia. Nataka wakija, wakute."

Ameshaanza kuomba vitu kwa watu. Irene ameahidi mizani aliyopimia mizigo yake ya kwanza. Mwingine ataleta koti alilopewa kanisani, lenye jina la mtu mwingine kifuani.

Wageni wanavaa makoti. Solomon anamvuta Eliakunda pembeni na kumwambia kwamba nyumbani, ndani ya sanduku, bado anayo ovaroli aliyosugulia sakafu za maofisi miaka yake ya kwanza. Ina madoa ya dawa, magoti yamechanika.

"Nitaileta, Mama. Lakini niachie kwanza wiki moja. Niifue, Kerubo ashone hayo magoti, tupige pasi."

Eliakunda anatikisa kichwa, anacheka, anamshika bega.

"Usiifue, baba," anamwambia. "Lete hivyo hivyo."